Evelyn Badu: mabao matano ya Cairo na safari ya Karmøy

Tarehe 19 Novemba 2021, katika uwanja wa 30 June jijini Cairo, Hasaacas Ladies ya Sekondi, Ghana, ilifungwa 2-0 na Mamelodi Sundowns. Waliofunga ni Chuene Morifi na Andisiwe Mgcoyi, na kombe la kwanza kabisa la Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake likaenda Afrika Kusini. Lakini mchezaji bora wa mashindano alitoka kwa walioshindwa, na mfungaji bora alikuwa huyohuyo: Evelyn Badu, kiungo mshambuliaji wa Ghana, miaka 19, mabao 5. Mwanzoni mwa 2022 alikuwa mchezaji wa Avaldsnes ya Norway, na 2023 akahamia Fleury 91 ya Ufaransa.

Kwa haraka mtu atasema ni hadithi ya kawaida: binti ana kipaji, ameonekana, amekwenda Ulaya. Vipaji Ghana havijawahi kuadimika. Kinachofaa kuangaliwa ni vitu vingine viwili: ameonekana wapi na lini, na klabu iliyomlea inabaki na nini akishaondoka. Hapo ndipo soka la wanawake linapoachana kabisa na lile la wanaume, ingawa kitabu cha kanuni ni kimoja.

Tuanze na dirisha alilopitia. Kwa miaka mingi mchezaji wa kike wa Afrika Magharibi aliyetaka kuuzwa alitegemea timu ya taifa: Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, la chini ya miaka 20, au Kombe la Mataifa ya Afrika. Badu njia hiyo ilimfungia mlango. Oktoba 2021, yaani mwezi mmoja tu kabla ya Cairo, Black Queens, timu ya taifa ya wanawake ya Ghana, walikutana na Nigeria katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Walifungwa 2-0 Lagos, wakashinda 1-0 Accra, wakatoka kwa jumla ya 2-1. Fainali za Morocco za Julai 2022 zikachezwa bila Ghana. Na bado, katika tuzo za CAF zilizotolewa Rabat tarehe 21 Julai 2022, usiku ule ambao Asisat Oshoala wa Nigeria alitwaa tuzo kubwa, Badu aliondoka na mbili: mchezaji bora kijana na mchezaji bora wa mashindano ya klabu. Nchi yake haikuwepo kwenye fainali zilizokuwa zikiendelea palepale Morocco. Tuzo zote mbili zilisimama juu ya kazi ya klabu.

Ndiyo maana mashindano yale mapya yalibadilisha hesabu. Ligi Kuu ya Wanawake ya Ghana inachezwa kwa kanda mbili, Kaskazini na Kusini, kisha vinara wa kanda wanakutana katika fainali moja. Msimu wa 2020/21 Hasaacas, chini ya kocha Yusif Basigi, ilichukua ligi na Kombe la FA, halafu ikashinda mchujo wa WAFU B, ukanda wa Afrika Magharibi wenye Ghana na Nigeria, kwa kuwafunga Rivers Angels ya Nigeria fainali. Zikafika klabu 8 Misri, Vihiga Queens ya Kenya ikiwa mwakilishi wa CECAFA. Kwa anayesaka wachezaji akiwa Oslo au Paris, hilo lina maana moja rahisi: mechi tano nzima za mchezaji yuleyule, zimerekodiwa kwa kamera nzuri, dhidi ya wapinzani wa nchi tofauti, ndani ya wiki mbili.

Hapa mawakala wengi wa nyumbani hukosea. Hutuma klipu ya dakika nne yenye muziki, mabao na chenga. Klabu makini haimsajili mtu kwa klipu; inaomba mechi kamili, ikiwezekana tatu au zaidi, na angalau moja iwe mechi ambayo timu yake imefungwa. Inataka kuona anafanya nini mpira ukipotea, anarudi kwa kasi gani dakika ya 80, anapokea mpira akiwa ameelekea wapi. Mechi nyingi za ligi za ndani hazina rekodi ya namna hiyo. Cairo ilikuwa nayo, na fainali waliyofungwa ilikuwa sehemu ya ushahidi.

Nafasi anayocheza nayo ilimsaidia. Mshambuliaji anayefunga mabao mengi katika ligi ya ndani hutiliwa shaka, kwa sababu msajili hajui mabeki aliowafunga ni wa kiwango gani. Kiungo anayeongoza kwa mabao katika mashindano ya bara ni habari nyingine: anaonekana anaunganisha mchezo, na mabao yanakuja kama nyongeza.

Halafu kuna kalenda, jambo ambalo watu hulipita haraka mno. Ligi ya Norway huanza majira ya kuchipua na kuisha Novemba. Fainali ya Cairo ilichezwa wakati klabu za kule zinafunga msimu, zinaangalia nani anaondoka, zinapanga bajeti ya mwaka unaofuata. Maandalizi huanza Januari. Mchezaji aliyeng'ara Novemba anaingia mwanzoni mwa maandalizi, ana miezi kama mitatu ya kuzoea kabla ya mechi ya kwanza ya ligi. Angesajiliwa Januari na klabu ya Hispania au Ufaransa, angeingia katikati ya msimu, kikosi kimeshaelewana, na yeye anajifunza lugha kutoka kwenye benchi. Si bahati tu kwamba nchi za Skandinavia zimekuwa kituo cha kwanza kwa Waafrika wengi. Elizabeth Addo, aliyewahi kuwa nahodha wa Black Queens, alipita Kvarnsveden ya Sweden sambamba na Tabitha Chawinga wa Malawi kabla ya Seattle Reign ya Marekani.

Avaldsnes aliyoikuta Badu ilikuwa klabu ya kisiwa cha Karmøy, pwani ya magharibi, jirani na mji wa Haugesund. Ilikuwa klabu ndogo kwa majengo, lakini ilishazoea wageni: Debinha wa Brazil alicheza pale kabla ya kuwa jina kubwa, na 2017 walitwaa Kombe la Norway. Kwa kituo cha kwanza hilo lina uzito kuliko jina la klabu. Klabu iliyowahi kupokea wageni inajua kwamba mtu anahitaji nyumba siku anayotua, akaunti ya benki, na mtu wa kumpeleka ofisi ya usajili wa wakazi.

Sasa makaratasi. Badu alitimiza miaka 19 Septemba 2021, na kuvuka miaka 18 ndiko kulikofungua njia. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinazuia uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wale mabinti wanaoahidiwa majaribio Ulaya wakiwa na miaka 16, huku mtu akiomba pesa ya viza, wanauziwa kitu ambacho kanuni haikiruhusu.

Mpango halisi huwa hivi. Klabu mbili zinakubaliana kwa maandishi ikiwa mchezaji bado ana mkataba. Mchezaji anasaini mkataba wake. Klabu mpya inaingiza taarifa katika mfumo wa FIFA wa uhamisho, ambao ni lazima kwa wanawake wa kulipwa tangu 2018. Kisha chama cha soka cha nchi mpya kinaomba hati ya kimataifa ya uhamisho kutoka chama cha nchi ya zamani, ambacho Badu alipohama kilikuwa na siku 7 za kuitoa au kuikataa kwa sababu; tangu 2025 muda huo umefupishwa kuwa saa 72. Sambamba na hayo linakwenda ombi la kibali cha kuishi na kufanya kazi kupitia ubalozi.

Penye kuharibika mara nyingi ni katikati ya saini na kibali. Klabu inamtumia mchezaji mkataba wenye sentensi inayosema utakuwa halali iwapo atafaulu vipimo vya afya au akipata kibali cha kazi. Mchezaji anaacha klabu yake, anaaga mtaa mzima, kibali kinachelewa hadi dirisha la usajili linafungwa, na klabu inasema hakuna mkataba. Kifungu cha 18 kinakataza sharti hilo waziwazi: uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea vipimo wala kibali. Klabu inatakiwa kupima kabla ya kusaini. Sentensi hiyo ikionekana kwenye rasimu, ifutwe; na ikiwa imeshasainiwa, mchezaji ana hoja nzito mbele ya mahakama ya soka ya FIFA. Kuna pia kifungu cha 14bis: klabu ikishindwa kulipa mishahara miwili ya mwezi, mchezaji anaiandikia, anaipa siku 15, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Muhimu ni ile barua. Wengi huondoka kwa hasira bila kuandika, na kesi inageuka, wao ndio wanaonekana wamevunja.

Mshahara nao usomwe kwa makini: ni kabla ya kodi au baada? Norway ina utaratibu wa kodi kwa mfanyakazi mgeni katika mwaka wake wa kwanza, 25% inakatwa moja kwa moja bila makato mengine ya kuombea nafuu. Tuseme umeandikiwa krona 25,000 kwa mwezi. Zinaondoka 6,250, zinabaki 18,750. Ikiwa nyumba haipo kwenye mkataba, kodi ya pango itakula sehemu kubwa ya hizo. Kwa kituo cha kwanza, mkataba wenye nyumba, bima ya afya, na tiketi mbili za ndege kwenda na kurudi kila mwaka unaweza kumfaa kijana kuliko ule wenye tarakimu kubwa na mistari michache. Wakala naye ana bei yake. Badu alipohama, kanuni za FIFA za 2015 zilipendekeza 3%. Kanuni za 2023 ziliweka kikomo cha 5% ya mapato ya mchezaji anayepata hadi dola 200,000 kwa mwaka, ingawa FIFA ilikisimamisha mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya kesi za Ulaya. Anayekuomba 20% hana kanuni yoyote nyuma yake, ya zamani wala mpya.

Tufike kwenye pesa za Sekondi, maana hapa ndipo kisa hiki kinapouma.

Chukua mvulana wa kufikirika, si Badu, aliyelelewa na klabu moja ya Ghana tangu msimu wa miaka 15 hadi wa miaka 18, kisha akasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya Ulaya iliyo katika kundi la tatu la FIFA la gharama za mafunzo. Hata kama ameondoka bila ada, klabu yake inadai fidia ya mafunzo. Msimu wa miaka 15 unahesabiwa kwa kiwango cha chini, euro 10,000. Mitatu iliyobaki ni euro 30,000 kila mmoja. Jumla ni euro 100,000. Kwa klabu ya mkoani hizo ni viwanja, basi na mishahara ya makocha kwa misimu kadhaa.

Sasa mweke binti mwenye historia ileile, klabu zilezile, tarehe zilezile. Fidia ya mafunzo: sifuri. Kifungu cha 20 kinasema kwamba masharti ya fidia hiyo hayahusu soka la wanawake. Hoja iliyotolewa ni kwamba klabu za wanawake bado ni maskini, na gharama hiyo ingezuia mabinti wasisajiliwe. Hoja hiyo ina ukweli wake upande wa anayenunua. Upande wa aliyelea, maana yake ni kwamba miaka minne ya kazi haina bei siku mkataba ukiisha.

Kinachobaki ni mchango wa mshikamano, na huu unawahusu wanawake pia. Mchezaji akihama kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, 5% ya ada hiyo inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una 0.25% ya ada. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una 0.5%. Yule binti wetu wa misimu minne ana 0.25 mara moja na 0.5 mara tatu, yaani 1.75%. Akiuzwa baadaye kwa euro 100,000, klabu yake ya kwanza inapata 1,750. Akihama kama mchezaji huru, haipati kitu.

Na wengi huhama huru. Takwimu za FIFA za 2022, mwaka ambao Badu alikwenda Norway, zinaonyesha uhamisho wa kimataifa 1,555 wa wanawake wa kulipwa na ada za jumla ya dola milioni 3.3 kwa dunia nzima. Ukizigawa sawasawa ni kama dola 2,100 kwa kichwa, na haziendi sawasawa. Mwaka 2024 ulifika uhamisho 2,284 na dola milioni 15.6, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo imebebwa na majina machache, Racheal Kundananji na Barbra Banda wa Zambia wakiwemo. Soko linakua kutokea juu. Chini bado pakavu.

Ukiweka hesabu hizo kando ya Cairo, picha inashangaza. Mshindi wa pili wa mashindano yale alizawadiwa dola 250,000, bingwa 400,000. Kwa klabu kama Hasaacas, kufika fainali mara moja kuna thamani kuliko kuuza wachezaji wengi kwa bei za soko la mwaka ule. Kwa maneno mengine, mchezaji bora anaweza kuwa na faida zaidi kwa klabu akibaki mwaka mmoja zaidi na kuipeleka tena Afrika, kuliko akiuzwa mapema. Lakini huwezi kumwambia kijana wa miaka 19 asubiri kwa ajili ya hesabu za klabu, na hakuna haki ya kumwambia hivyo.

Kinachowezekana ni mkataba mzuri wa nyumbani, na hapa klabu nyingi za kanda zetu zote hujipiga zenyewe. Mchezaji akicheza kwa makubaliano ya mdomo, au kwa mkataba wa msimu mmoja unaoisha siku ligi inapoisha, hakuna cha kuuza. Mkataba wa miaka miwili au mitatu, wenye mshahara unaolipwa kweli (usipolipwa, 14bis inafanya kazi hata dhidi ya klabu ya Afrika), unaipa klabu kiti mezani. Ukikaa mezani, usipigane kwenye ada ya kwanza, kwa sababu mnunuzi wa Skandinavia hana fungu kubwa. Chukua kidogo sasa na udai asilimia ya mauzo yajayo, 15 au 20. Tuseme akauzwa tena kwa euro 100,000: kipengele cha 20% kinaleta 20,000, wakati mshikamano pekee ungeleta 1,750. Na kiandikwe asilimia ya nini, ada yote au faida tu, maana neno hilo moja linaweza kufuta kila kitu.

Ipo njia nyingine Ghana, na imeepuka tatizo hili kwa kulizunguka. Akademia ya Right to Dream ina klabu yake Denmark, FC Nordsjælland, hivyo mlezi na muuzaji wa Ulaya wako nyumba moja. Princess Marfo alipita huko hadi Bay FC ya Marekani. Thamani ya malezi haipotei baharini katikati ya nchi mbili. Lakini ni nyumba moja. Klabu za kawaida za ligi hazina pa kujibanza.

Uhamisho wa pili wa Badu, kwenda Fleury kusini mwa Paris, una somo lake dogo la kalenda. Kutoka ligi ya majira ya kiangazi kwenda ligi ya Septemba hadi Mei, mchezaji anaweza kujikuta amecheza mwaka mzima na nusu bila mapumziko ya kweli, hasa akiitwa na timu ya taifa. Klabu inalazimika kumwachia katika tarehe rasmi za FIFA, na safari ya Accra kutoka Paris ni fupi na ya moja kwa moja kuliko kutoka Haugesund, ambako ni lazima kuunganisha ndege. Septemba 2023 Black Queens waliifunga Rwanda 7-0 Kigali na 5-0 nyumbani. Mechi mbili kwa wiki moja, nchi mbili.

Fainali alizozikosa 2022 alizipata Julai 2025, Morocco tena. Ghana iliifunga Tanzania 4-1 katika kundi, bao moja likiwa lake, ikaitoa Algeria kwa penalti, ikatolewa na wenyeji kwa penalti, na kuishinda Afrika Kusini kwa penalti ikawa ya tatu. Medali ya kwanza tangu 2016. Watanzania waliokuwa uwanjani siku ile walikuwa wanamtazama mtu aliyetoka katika mashindano yaleyale ambayo Simba Queens walifika nusu fainali 2022.

Tarehe 11 Septemba 2025 Badu alitimiza miaka 23. Pasipoti yake ya mchezaji, ile orodha ya klabu na misimu ambayo vyama vya soka huitunza, ikafikia msimu wake wa mwisho wa kuhesabiwa mshikamano. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia kituo cha FIFA kilichoko Paris, kinachosoma pasipoti yenyewe na kugawa bila klabu kusubiri kupiga simu. Kinachosomwa ni kile kilichosajiliwa kwa kompyuta wakati ule: tarehe ya kujiunga, tarehe ya kuondoka, hadhi ya ridhaa au ya kulipwa. Msimu ambao karani wa chama hakuuingiza unalazimika kutetewa kwa nyaraka katika siku chache ambazo pasipoti iko wazi kukaguliwa, na klabu lazima iwe imefungua akaunti na kupita uhakiki wa kituo hicho.